Maisha ya Hans Wilsdorf, Mfanya Biashara wa Saa

Katika shule yetu simu za mkononi haziruhusiwi, kwa hiyo saa ya mkono ingali na heshima yake. Kengele ya alfajiri, zamu ya kufagia, masomo ya jioni, na zaidi ya yote ile mitihani ambayo dakika zake huhesabiwa kama fedha, vyote vyamtaka mwanafunzi awe na saa. Ndiyo sababu kila mwaka, sisi wa Senior Six tunapokaribia kuagana, mazungumzo ya bwenini huwa ni hayo hayo: nikijaliwa kupata saa njema, nichague ipi? Wengine wataka iliyo nyembamba, yenye kung'aa, ya kuvaliwa harusini na kanisani. Wengine wataka iliyo nene na ngumu, ya kuvaliwa shambani na uwanjani. Ni wachache wafikirio kwamba saa moja yaweza kuwa yote mawili. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyelifikiri jambo hilo karibu maisha yake yote, naye ni Bwana Hans Wilsdorf.

Lakini kabla ya kwenda Ulaya, na tupande kwanza kilima chetu cha Banda, upande wa mashariki wa Kampala. Hapo ndipo lilipokuwa boma la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwezi wa Februari 1862, alipofikiwa na John Hanning Speke, yule msafiri aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Kati ya zawadi alizompa Kabaka, pamoja na bunduki, vitambaa vya hariri na darubini, ilikuwamo saa ya dhahabu ya namna ile iitwayo kronometa, yaani saa iliyopimwa usahihi wake. Twaweza kufahamu kwa nini saa ilihesabiwa kuwa zawadi ya kumfaa mfalme. Lakini Speke alijua pia udhaifu wa saa. Katika safari yake iliyotangulia pamoja na Richard Burton, walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda ziwa la Tanganyika, saa zao ziliharibika njiani. Msafiri asiye na saa ya kweli hawezi kupima vema yuko umbali gani mashariki au magharibi, maana hesabu hiyo hutegemea wakati. Basi Speke alilazimika kufunga risasi ya bunduki kwenye uzi wa urefu wa inchi 39, akaibembeza, na kila ilipobembea upande mmoja akahesabu sekunde moja.

Fikirini jambo hilo. Saa za thamani zimekufa, na risasi iliyofungwa uzi yafanya kazi yake! Vumbi, unyevu na mishtuko ya njia ni maadui watatu wa saa, na katika nchi zetu wote watatu wapo. Miaka mingi ilipita baada ya safari ya Speke kabla ya maadui hao kufungiwa mlango.

Hans Wilsdorf alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji wa Kulmbach, jimbo la Bavaria, nchi ya Ujerumani. Wazazi wake hawakuwa maskini, lakini mama yake alifariki, kisha baba yake naye akafariki, na Hans akawa yatima akiwa na umri wa miaka 12. Wajomba zake waliuza biashara ya familia, wakaiweka fedha kwa ajili ya watoto, nao watoto wakapelekwa shule ya bweni katika mji wa Coburg. Huko alisoma kwa bidii, hasa hesabu na lugha za kigeni. Alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba malezi hayo ya kujitegemea tangu utoto ndiyo yaliyomfundisha kutunza alichokuwa nacho. Sisi tuliolelewa bwenini twaweza kumwelewa. Mtoto mwenye sanduku moja tu hujifunza mapema ni kitu gani kidumucho na kipi kisichodumu.

Alipomaliza shule alikwenda Uswisi, akaajiriwa kwanza mjini Geneva na wafanya biashara wa lulu. Mwaka 1900 akahamia mji wa La Chaux-de-Fonds, ulio kati ya miji mikuu ya mafundi saa duniani. Kazi yake huko ilikuwa ukarani na kuandika barua za Kiingereza, kwa mshahara wa faranga 80 kwa mwezi. Juu ya hayo alipewa kazi moja ambayo wengine wangeiona ya kuchosha. Kila siku ilimpasa kuzitia ufunguo saa za mfukoni mamia kwa mamia, na kuangalia kama zaenda sawasawa. Hakuwa fundi, wala hakuwahi kuwa fundi. Lakini kwa kushika mamia ya saa kila siku, mkono wake na jicho lake vilijifunza kutofautisha saa iliyopambwa na saa iliyotengenezwa.

Mwaka 1903 alivuka kwenda London, na mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 24, akafungua kampuni yake pamoja na Alfred Davis, ambaye alikuwa shemeji yake. Kampuni iliitwa Wilsdorf na Davis. Waliagiza mitambo ya saa kutoka Uswisi, wakaitia katika makasha mazuri, na kuwauzia wenye maduka.

Siku zile mwanamume mwenye heshima alichukua saa yake mfukoni, imefungwa kwa mnyororo. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa kama bangili, pambo la wanawake. Tena mafundi walisema kwamba mtambo mdogo hauwezi kushika wakati vizuri kama mtambo mkubwa, na kwamba mkono, kwa jinsi uchezavyo, utaivunja saa upesi. Hata hivyo, askari wa Kiingereza katika vita vya Makaburu, huko Afrika Kusini, walikuwa wamezifunga saa zao mikononi kwa ngozi, kwa kuwa aliyeshika bunduki au hatamu za farasi hana nafasi ya kutia mkono mfukoni. Wilsdorf aliona mbali. Alifikiri ya kuwa watu wa zama mpya watakuwa watu wa mwendo na michezo, na saa itawafuata mkononi. Basi akaandika agizo kubwa kwa kiwanda cha Aegler, katika mji wa Bienne, kilichokuwa kikitengeneza mitambo midogo iliyo imara. Urafiki wa kampuni yake na kiwanda hicho ulidumu maisha yake yote.

Mwaka 1908 aliandikisha jina jipya la saa zake, nalo ni Rolex. Alilitaka jina fupi, lenye kutamkwa kwa urahisi katika lugha yo yote, na lenye kuenea vizuri katika uso mdogo wa saa. Desturi ya wakati ule ilikuwa mwenye duka aandike jina lake mwenyewe juu ya saa, na aliyeitengeneza asijulikane. Wilsdorf aliona kwamba asiyeweka jina lake juu ya kazi hawezi kulaumiwa kazi ikiharibika, wala kusifiwa ikidumu.

Lakini jina peke yake halishiki wakati. Kwa hiyo alipeleka saa zake zijaribiwe na watu wasiokuwa wa kampuni. Mwaka 1910 saa yake ya mkono ilipata cheti cha kronometa huko Bienne, nayo ilikuwa saa ya mkono ya kwanza kukipata. Kisha akataka mtihani mgumu zaidi, ule wa Kew katika Uingereza. Saa ililazwa, ikasimamishwa na kugeuzwa katika mikao mitano. Ikatiwa kwenye baridi ya barafu, kisha kwenye joto, na kila siku ikalinganishwa na wakati wa kweli. Mtihani huo ulidumu siku 45. Tarehe 15 Julai 1914 saa hiyo ndogo ya mkono ilipewa cheti cha daraja la kwanza, ambacho watu walikuwa wamekizoea kwa saa kubwa za mabaharia. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba udogo wa mtambo ni sababu ya uongo wake.

Wiki chache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Katika mahandaki askari walihitaji saa mikononi, na kile kilichoitwa pambo la wanawake kikawa kifaa cha wanaume vitani. Lakini vita vilimletea Wilsdorf taabu pia. Yeye alikuwa mzaliwa wa Ujerumani anayeishi London, na jina lake lilichukiwa. Mwaka 1915 kampuni ikaacha kuitwa kwa jina lake na la mwenzake, ikaitwa kwa jina la Rolex. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitoza ushuru wa theluthi moja ya bei juu ya saa zilizoingizwa nchini. Kwa mfanya biashara aliyeagiza kila kitu kutoka Uswisi, huo ulikuwa mzigo mzito. Kidogo kidogo akahamisha kazi yake, na kufika mwaka 1920 kampuni ilikuwa imeandikishwa Geneva, ambako makao yake makuu yako hata leo.

Sasa twafika kwenye jambo lililo moyo wa habari hii. Saa ilikwisha kuwa sahihi, na ilikwisha kuwa nzuri, lakini ilikuwa ingali dhaifu. Kasha la saa lina milango mitatu ambayo adui aweza kuingia: mbele penye kioo, nyuma penye kifuniko, na ubavuni pale penye kile kifundo kidogo cha kutilia ufunguo. Vumbi likipenya, huchanganyika na mafuta ya mtambo, likageuka kuwa kama msasa unaosaga magurudumu. Maji yakipenya, kutu hufuata. Mnamo mwaka 1922 Wilsdorf alijaribu dawa ya kwanza, yaani saa ndani ya saa. Kasha dogo lilifungiwa ndani ya kasha kubwa lenye hesi. Maji hayakuingia, lakini kila siku mwenyewe ilimpasa kufungua kasha la nje apate kutia ufunguo. Ni nani awezaye kustahimili kazi hiyo kila siku?

Ndipo aliposikia habari za mafundi wawili wa Uswisi, Paul Perregaux na Georges Perret, waliobuni kifundo chenye hesi, kinachokazwa juu ya kasha kama kifuniko cha chupa. Wilsdorf hakuona haya kununua akili ya wengine. Akainunua haki ya ubunifu huo, na mwaka 1926 akatoa saa ambayo milango yake yote mitatu ilikazwa kwa hesi. Akaiita Oyster, maana yake chaza, yule mdudu wa baharini akaaye majini amejifunga ndani ya kombe lake. Yeye aliyeanza kazi kwa wafanya biashara wa lulu alijua vema kwamba ndani ya kombe gumu hukaa kitu cha thamani.

Watu hawakuamini. Basi tarehe 7 Oktoba 1927 mwanamke mmoja wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, aliyekuwa mpiga taipu huko London, aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa muda wa saa 15 na robo. Hakuna mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Baada ya siku chache mwanamke mwingine alidai kuwa ameogelea kwa muda mfupi zaidi, kisha ikajulikana kuwa ni uongo, na watu wakaanza kumtilia shaka hata Gleitze. Yeye akaamua kurudi majini tarehe 21 Oktoba ili kuthibitisha ukweli wake. Wilsdorf aliposikia akampa saa ya Oyster, naye akaivaa shingoni. Maji yalikuwa baridi mno, na baada ya saa zaidi ya 10 alitolewa kabla ya kufika ng'ambo. Hakuvuka, lakini walioshuhudia ustahimilivu wake waliacha kumtilia shaka. Na saa nayo ilitolewa majini ingali yaenda sawasawa. Tarehe 24 Novemba Wilsdorf alinunua ukurasa wote wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza habari hiyo. Tena akawafundisha wenye maduka kuziweka saa zake madirishani ndani ya vyombo vya maji, samaki wakiogelea kando yake!

Hata hivyo palibaki kasoro moja. Kila siku mwenye saa alifungua kile kifundo ili kutia ufunguo, na akisahau kukikaza tena, mlango ulibaki wazi. Mwingereza John Harwood alikuwa ametangulia kuunda saa ya mkono inayojitia ufunguo yenyewe. Mafundi wa kiwanda cha Aegler wakatafuta njia bora zaidi, na mwaka 1931 ikatoka saa yenye kipande cha chuma kizito ndani yake, kizungukacho duara nzima kila mkono unapocheza, kikaijaza kamani bila mtu kugusa. Hapo mkono uliosemwa kwamba utaivunja saa ndio uliokuwa ukiipa uhai. Saa inayovaliwa kila siku huenda, na ile inayofichwa sandukuni husimama.

Msidhani kwamba kwa kutafuta ugumu aliuacha uzuri. Kasha la Oyster lilitengenezwa kwa feleji, na pia kwa dhahabu. Tena ung'arishaji wa mtambo mzuri si urembo mtupu. Ncha za magurudumu zikisuguliwa mpaka ziwe laini kama kioo, msuguano hupungua, na saa huishi miaka mingi zaidi. Vivyo hivyo hesi zikichongwa kwa uangalifu, kasha hufunga kweli.

Katika Vita Kuu ya Pili Wilsdorf alitenda jambo ambalo lafaa kukumbukwa. Maofisa wa Uingereza waliotekwa na Wajerumani walinyang'anywa saa zao. Alikubali kuwapelekea saa katika kambi zao za wafungwa kwa ahadi tu, walipe vita vikiisha. Kwa mfungwa asiyejua vita vitakwisha lini, kuaminiwa hivyo kulikuwa ni kutiwa moyo.

Mwaka 1944 mkewe, Florence, alifariki. Hawakuwa na mtoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf aliunda wakfu wenye jina lake, na mwishowe hisa zake zote zikawa mali ya wakfu huo. Mpaka leo kampuni ni mali ya wakfu, nao husaidia wahitaji, elimu na sanaa, hasa katika Geneva. Hivyo yatima aliyelelewa kwa urithi uliotunzwa na wajomba aliacha urithi kwa watu asiowajua.

Mwaka 1953 wapandaji wa mlima Everest walipewa saa zake, ingawa haki yataka tuseme kwamba saa za kampuni ya Smiths ya Uingereza nazo zilikuwa katika safari ile. Mwaka huo huo ilitokea saa ya wapiga mbizi iitwayo Submariner, iliyostahimili kina cha mita 100. Hans Wilsdorf alifariki mjini Geneva tarehe 6 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 79.

Je, mtu huyu alikuwa mkamilifu? La. Hakubuni mwenyewe mitambo aliyosifiwa nayo, na alipenda sana matangazo. Zaidi ya hayo, saa za kampuni yake leo huuzwa kwa bei ambayo wengi wetu hatutaifikia, na wanunuzi wengine huzifungia sandukuni kama vito. Lakini mawazo yake hayauzwi, nasi twaweza kuyachukua bure.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Nilipokuwa Senior Three niliinunua saa moja ya rangi ya dhahabu yenye jina kubwa usoni, kwa fedha nilizoweka akiba mihula miwili. Siku moja mvua ilitunyeshea tukiwa katika mpira. Jioni kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na kabla ya kulala ilikuwa imesimama. Nililitazama jina tu, sikuitazama milango.

Sasa baba yangu mdogo, ambaye naye alisoma katika shule hii, ameniahidi saa nikimaliza mtihani. Yeye anayo saa nzuri ya dhahabu aliyoachiwa na babu, lakini hukaa kabatini mwaka mzima, kwa kuogopa mikwaruzo na vumbi letu jekundu. Aliniuliza kama nitaipenda hiyo, au anitafutie ya feleji isiyo na sifa. Nilimshukuru sana, nikamwomba ya feleji: kifundo chake kikazwe kwa hesi, nyuma yake pafunge sawasawa, uso wake usomeke gizani, na kazi yake iwe safi hata mahali pasipoonekana. Nikamwomba na jambo la pili, kwamba ile ya babu aipeleke kwa fundi mwaminifu isafishwe, kisha aivae yeye, angalau Jumapili. Alicheka, akasema atafikiri.

Wenzangu mnaoondoka, na ninyi ndugu zetu mliotangulia, mkienda dukani msianze na kung'aa, wala msiudharau uzuri. Ulizeni kwanza ni kazi gani itakayofanywa, kisha tafuteni kitu kizuri kilichotengenezwa ili kuifanya kazi hiyo kila siku. Nadhani ndivyo tutakavyochaguliwa na sisi tutakapotoka katika lango hili.

Mwanafunzi wa Senior Six